Kinywa cha Zumari na Mafuta ya Papa

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa Jumanne, mwezi ishirini na saba Rajabu. Kwa kalenda ya ukutani, tarehe kumi na mbili Februari, mwaka wa tisini na moja. Kisiwa kizima cha Chovae, kusini mwa Kismayu, kilikuwa kinapika kwa ajili ya Miraji. Mbaraka Ghalib alikuwa amejinyoosha barazani, mashavu bado yanamuuma kwa harusi aliyoipigia zumari jana yake, na mkewe Wardah alikuwa ameketi kizingitini akiosha kinywa cha zumari hiyo. Saa tatu asubuhi, jua limeshawaka, ikaja boti ya serikali, ileile iliyozoea kuja kuwatoza watu ushuru wa kamba wanaowavua. Safari hii haikuleta karani. Ilileta vijana wenye bunduki.

Walichukua mashine za mashua, nyavu, mchele na vyungu vikiwa juu ya moto. Waliingia nyumba kwa nyumba wakitafuta dhahabu na fedha. Hapo ndipo Shamsa, mdogo wake Wardah, alipomnyang'anya dada yake kile kinywa cha zumari chenye fedha na kukitumbukiza ndani ya debe la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua ili mbao zisioze. Debe lilikuwa nyuma ya nyumba, linanuka mpaka nzi walilipita mbali.

"Bunduki inamtisha mchu," alisema kwa lugha ya kisiwani, ambako mtu ni mchu, "lakini hakuna mwenye bunduki atakayetia mkono humu."

Na kweli hawakutia. Lakini walitamani mbuzi. Risasi iliyompata Wardah haikuwa yake. Ilikuwa ya mbuzi wa jirani, ikampita mbuzi. Wardah akafa mashuani wakikimbia, kabla hawajafika Kiunga ng'ambo ya mpaka, akazikwa Kiunga, kwa sababu ya kitoweo cha watu wasiomjua hata jina. Na wale wakubwa wa Kismayu waliokuwa na nyota mabegani, waliokula ushuru wa kisiwa miaka nenda miaka rudi bila kuleta hata mkebe wa dawa, walikuwa wameshaondoka kwa ndege wiki iliyotangulia. Wahenga wanasema mkubwa ni jaa, hubeba takataka za kila mtu. Mbaraka aliongeza lake: jaa la wakubwa wa kwetu halikubeba takataka zetu, lilibeba vyombo vyetu.

Debe la sifa lilisafiri nao, kwa kuwa mashua haiendi bila sifa, na likafika nao mpaka kambi ya wakimbizi nje ya Mombasa. Shamsa akalisukuma chini ya kitanda chake. Gogo la zumari, ule mti wenye matundu ya vidole, Mbaraka alilitundika kwenye nguzo ya hema. Miaka mitatu gogo likawa juu na kinywa kikawa chini, havikukutana. Kila alipoulizwa lini atapiga, alijibu kwamba wafiwa hawapigi zumari, na aliyemfisha mtu wake hajasimama mahakamani.

Ndipo Rawda, binti yake, akaposwa na Hussni, kijana wa watu wa Koyama, mwenye adabu zake. Ubaya wa Hussni ulikuwa mmoja tu: alikuwa na ami yake aitwaye Nasrudin, na Nasrudin ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kambi.

Asubuhi ya Alhamisi ya harusi, Nasrudin alikuja kwenye hema la Mbaraka amevaa koti juu ya kanzu, joto lote lile. Nyuma yake watu wawili walibeba kipaza sauti na redio ya kaseti.

"Shekhe Mbaraka, nimekuletea raha," alisema. "Baada ya alasiri tunabonyeza hapa, bibi harusi anatoka. Hakuna jasho, hakuna kutoa macho."

"Binti yangu hatoki kwa kaseti."

"Zumari yako ina miaka mitatu haijakohoa. Itamtoaje?"

"Itakohoa leo."

Nasrudin akacheka, akawatazama wabeba kipaza sauti ili nao wacheke. "Haya. Mimi si mtu mbaya. Alasiri ikiswaliwa, nikisikia zumari, kaseti nairudisha mfukoni. Nisiposikia, nabonyeza. Wageni wangu hawatakaa juani wakingoja mate yako. Na baada ya magharibi hakuna ngoma kambini, hiyo ni amri."

"Amri ya nani?"

"Yangu."

"Basi umeirithi vizuri," Mbaraka akasema. "Hata kule walianza na amri."

Nasrudin alipoondoka, sauti ya Rawda ikatoka nyuma ya pazia la magunia, alikofichwa na hina zake mikononi na miguuni. "Baba, uliniahidi mbele ya mama."

"Najua nilichoahidi."

"Mimi mguu wangu hauvuki kizingiti bila zumari ya nyumba hii. Bibi hakuvuka, mama hakuvuka. Wakibonyeza hiyo kaseti nitakaa humuhumu mpaka hina ifutike."

Mbaraka alimjua mwanawe. Kichwa kile alikitoa kwa mama yake. Akibaki ndani, watu wa Koyama watachukulia wametukanwa, na posa itavunjika kabla jua halijazama. Wala hakuwa na wasiwasi. Hakuna mtu kutoka Kudha mpaka Kismayu aliyempita kwa pumzi. Aliweza kuvuta hewa puani na kuipuliza mdomoni kwa pamoja, sauti isikatike hata mara moja mpaka bibi harusi afike kwa mumewe. Kinywa tu. Kinywa kikisafika, mengine ni kazi ya mashavu.

Lakini hapo kwenye kinywa ndipo palipokuwa na jambo.

Katika nyumba za wapiga zumari wa Chovae, anayepiga haoshi. Mpigaji amezoea mate yake mwenyewe, hanusi yanapochacha, hajui yanapoziba. Kinywa huoshwa na mwanamke wa nyumba: mama, na baada ya mama mke, au binti akiwa bado yuko kwao. Mke akifa, dada yake anaweza kukiosha, hakatazwi. Ila siku atakayokiosha, kila mtu atajua amekubali kukaa mahali pa dada yake, na kadhi ataitwa kabla wiki haijaisha. Rawda alikuwa ndani, mikono imepakwa hina. Aliyebaki alikuwa Shamsa.

Shamsa alikuwa mjane kabla ya vita, hana mtoto, ana ulimi. Hema lake liligusana na la Mbaraka, kati yao likiwa turubai moja tu. Mbaraka alisimama nje akakohoa.

"Shemeji, hujambo."

"Sijambo, shemeji. Umekuja kuchukua debe."

"Nimekuja kuchukua debe."

"Lichukue. Ila nisikilize vizuri: mimi nalitoa debe, kinywa sikigusi. Wanawake wa kambi hii wana macho kuliko samaki."

"Sijakuomba ukiguse. Nitakiosha mwenyewe."

Kisha Shamsa akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni. "Mwenyewe? Wewe? Mchu ambaye hata kikombe chake cha kahawa hukiacha na machicha?"

"Nimemtazama dada yako akikiosha miaka ishirini."

"Na mimi nimekutazama ukilala miaka ishirini. Haya, twaa."

Alipofungua debe, mtaa wote wa mahema ulijua. Jirani mmoja aliyekuwa anakunywa chai aliinuka na kikombe chake akahamia upande wa upepo. Mwingine akauliza kama papa amefufuka. Mafuta yalikuwa yamegeuka utomvu mweusi, mazito kama lami. Mbaraka alitia mkono mpaka kiwiko, akapapasa, akakitoa.

Kilikuwa kimevimba kwa uchafu kama kidole chenye jipu. Chini ya ule utomvu palikuwa na mrija mwembamba wa shaba, na katikati ya mrija kisahani cha fedha ambapo mpigaji hukaza midomo. Fedha ile ilikuwa kikuku cha Wardah. Alikivua mwenyewe mwaka waliooana, akampelekea sonara wa Kismayu akigonge kiwe kisahani, akasema afadhali fedha yake ikae kwenye midomo ya mumewe kuliko kukaa mkononi mwake. Kwenye ncha ya mrija, pale panapokaa ulimi wa jani unaotoa sauti, hapakuwa na kitu. Ulimi ulikuwa umeoza zamani.

Kaskazi ya maneno ilimvumia, dhidi ya wenye bunduki na wenye nyota na wenye amri, lakini aliiacha ipite. Alikuwa na kazi. Akawasha jiko, akachemsha sufuria ya maji mpaka yakatokota, akatia jivu la kusugulia vyungu, akakitumbukiza kinywa kizimakizima. Uchafu wa mafuta hutolewa na moto na jivu. Kila mpishi anajua hivyo. Akakaa juu ya kigoda, amekunja mikono, akitazama mapovu kwa kuridhika.

Kitu kikalia ndani ya sufuria. Kling. Akakitafuta kwa upawa: mrija huku, kisahani kule. Nta iliyokuwa imevishikamanisha imeyeyuka. Na ule utomvu, badala ya kutoka, umejibana ndani ya mrija ukawa mgumu kama jiwe. Akapuliza. Hata hewa ya mbu haikupita.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita. Kwa mbali, kipaza sauti cha Nasrudin kilikuwa kinajaribiwa, kikikwaruza na kupiga mluzi.

"Umekichemsha," sauti ya Shamsa ikasema nyuma ya turubai.

Mbaraka akaendelea kuupuliza mrija.

"Nimesikia kikilia. Umekichemsha kama muhogo."

"Na wewe ulikitumbukiza kwenye sifa kama mbao ya mashua."

"Nilikitumbukiza na fedha ya dada yangu imebaki. Ningekiacha mkononi mwake, leo kingekuwa sikioni mwa mke wa mtu mwingine huko." Akashusha sauti, "Kosa langu ni moja. Nilidhani sifa inayoilinda mashua italinda kila kitu. Sisi watu wa mashua tuna ujinga huo."

Mbaraka akaweka mrija chini. "Shemeji, mama yenu aliwafundisha nyote wawili?"

"Alitufundisha nyote wawili."

"Basi nifundishe."

"Nimekwambia sigusi."

"Sikusema uguse. Umekatazwa mkono, hukukatazwa mdomo. Na huo mdomo, Mungu ashukuriwe, hakuna vita vilivyouweza."

Turubai likatikisika, alikuwa anacheka tena. Akasogeza kigoda chake karibu, Mbaraka akaona vidole vya miguu yake chini ya ukingo wa turubai, vina hina ya harusi ya mpwa wake.

"Mwaga hayo maji," akasema. "Mafuta hutolewa na mafuta. Tia ya nazi kwenye kikombe, yapashe moto kidogo tu, uweze kutia kidole bila kuruka. Laza mrija humo. Usiuchokoze. Uache ulainike kwa hiari yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme. Wewe umezoea kuoshewa, ngoja sasa ujue kuosha ni kungoja."

Akangoja. Nje watu wa Koyama walianza kufika, wanawake na buibui zao, watoto na viatu vya kuazima. Shamsa aliposema sasa, Mbaraka akauinua mrija. Utomvu ulikuwa umelegea.

"Twaa unyoya wa kuku. Utauingizia upande gani?" Shamsa akauliza.

"Upande mpana, ndio wenye nafasi."

"Sivyo. Hapo ndipo unapokosea, na wanaume wote hukosea hapo. Ingizia upande mwembamba utokee mpana, uchafu upate pa kutokea. Ukiusukumia kwenye wembamba unaupeleka mdomoni mwako mwenyewe. Futa unyoya kila unapotoka. Hivyo. Nasikia umeufuta kwenye kanzu."

"Sikuufuta kwenye kanzu."

"Umeufuta kwenye kanzu, Mbaraka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. Wote wawili walilisikia, wakalipita kama watu wanaopishana njia nyembamba.

Mrija ukatoa weusi, kisha kahawia, kisha mafuta safi. Akausuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Akachuja jivu la makumbi ya nazi kwa kitambaa, akaligusisha na ndimu, akasugua kisahani kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka fedha ikatoka kama mwezi mwandamo. Karibu na ukingo aliona alama ndogo ya nakshi ambayo nyundo ya sonara haikuifuta, jani moja la kile kikuku. Miaka ishirini aliweka midomo yake hapo na hakuwahi kuiona. Aliyekiosha ndiye aliyekuwa akiiona.

"Kuna jani," akasema.

"Lipo. Alikuwa akianza hapo kila siku kusugua, halafu akizunguka." Sauti ya Shamsa ilikwaruza kidogo. "Endelea. Chemsha karafuu, maji yakipoa usuuze, harufu ya papa itaondoka. Kisha nta. Pasha mrija, si nta. Vishikanishe."

Akafanya. Akasokota uzi uliopakwa nta akauzungusha kwenye mkia wa mrija, ukaingia ndani ya gogo la zumari ukakaa kimya, bila kucheza. Kikabaki kitu kimoja tu: ulimi.

"Ulimi ni kazi yangu," akasema Mbaraka, na hapo alikuwa na haki ya kusema. Ulimi hukatwa na mpigaji mwenyewe. Jani la mvumo, ule mti wa jamii ya mnazi, lililokauka kivulini na kukaa miaka, linakwaruzwa kwa kipande cha kioo mpaka liwe jembamba, linakunjwa, linafungwa uzi, ncha yake inabanwa iwe kama mdomo wa ndege. "Lakini nitapata wapi jani la miaka hapa? Ya Mombasa nimeyaona, mabichi. Yatapiga kelele kama bata."

Mbaraka akasikia kitu kikipasuliwa, polepole, kwa kisu. Kisha juu ya turubai likarushwa jani refu, la rangi ya asali, likaanguka mapajani mwake. Alilijua. Lilikuwa la kipepeo cha Chovae, kile ambacho Shamsa alipepea nacho moto na watoto na wageni, kitu pekee cha nyumba yao alichotoka nacho mkononi siku ile.

"Shemeji, hiki ni—"

"Kipepeo sicho kinywa," akasema Shamsa upesi. "Asije mtu akasema nimegusa kinywa."

Mbaraka akakata ulimi. Jambo hili alilijua kama anavyojua njia ya msikitini. Akautia mdomoni ulowe mate, na akapata ladha ya moshi wa jiko la Chovae.

Alasiri ikaadhiniwa, ikaswaliwa. Watu walipotoa salamu, Nasrudin alisimama karibu na kipaza sauti chake, koti limelowa mgongoni, kidole juu ya redio. Akatazama hema la Mbaraka. Akabonyeza.

Kaseti ikaanza na mlio wa kukwaruza, mwanamke fulani akaimba mapenzi ya mahali fulani. Nyuma ya pazia la magunia Rawda hakusogea.

Mbaraka akatoka. Akasimama katikati ya uwanja, akaweka midomo juu ya fedha ya mkewe, akajaza mashavu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kukwama, kama mtoto anayeamshwa. Mtu akacheka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ikapanda juu ya kipaza sauti, nyembamba na kali, ikakaa huko juu, haikushuka tena. Kizee kimoja cha Kudha kilichokuwa kimekaa kivulini kikaweka mkono usoni. Wanawake wakaanza kugonga pembe kwa vijiti, ngoma yao ya harusi. Watu wa Koyama wenyewe, jamaa zake Nasrudin, walimgeukia wakamwambia, "Zima hilo dude, ami, tunasikiliza." Akazima. Haikuwa kwa amri, na hapo hakukuwa na amri ya kumsaidia.

Pazia la magunia likafunguka. Mguu wa Rawda, mweusi kwa hina, ukavuka kizingiti.

Mbaraka hakukata pumzi mpaka alipomfikisha bintiye kwa Hussni. Kila alichokuwa nacho moyoni kilipita kwenye mrija ule: boti ya ushuru, mbuzi, Kiunga, wenye nyota waliopanda ndege. Hakumsamehe hata mmoja wao. Lakini alipiga vizuri, naye alijua amepiga vizuri, na hakuona haya kujua.

Watu walipokwenda kula pilau, aliketi nje ya hema lake akachomoa kinywa kwenye gogo. Kilikuwa kimelowa mate, cha moto bado. Kinywa kikipigwa lazima kioshwe kabla mate hayajakauka. Yakikauka yanashika, na kesho sauti inakuwa na mchanga. Akamimina maji matamu kwenye bakuli. Akalichukua bakuli mkono mmoja na kinywa mkono wa pili, akazunguka turubai.

Shamsa alikuwa amekaa mlangoni, akijipepea kwa kile kipepeo chenye pengo. Jirani zake wawili waliokuwa wakisimulia ya harusi waligeuka walipomwona. Mbaraka akaweka bakuli chini, mbele ya miguu yake, akakilaza kinywa pembeni mwa bakuli, si ndani. Jua lilipiga kwenye fedha, lile jani dogo likaonekana.

"Leo nimekiosha kwa maneno yako," akasema. "Maneno yalitosha kwa siku moja. Mwisho wa mwezi binti wa jirani Mbwana anaolewa, na wameshaniita."

Shamsa alikitazama kinywa. Kipepeo kilisimama mkononi mwake. Jirani mmoja alimwegemea mwenzake, na mate yalianza kukauka kwenye ncha ya ulimi wa jani.

"Shemeji," akasema Mbaraka, "kuanzia leo, kitaoshwa na nani?"